Nusu kaputi, sindano ya mgongo au ketamini: ukiambiwa uchague kabla ya kupasuliwa

"Mwanangu, unilaze kabisa. Mgongo wangu usiuguse."

Aliyeniambia hivyo ni mzee wa Mikindani aliyekuja kupasuliwa busha alilokuwa amelificha ndani ya msuli kwa miaka kumi na moja. Fomu ya ridhaa ilikuwa magotini, haijasainiwa. Mpwa wake, kijana wa bodaboda, alisimama pembeni akitazama sakafu, maana mambo ya mjomba wake yalikuwa yanatajwa hadharani. Nikamwambia, "Sawa babu, ila kwanza nikueleze kila njia inagusa nini." Akakubali kwa shingo upande.

Nafanya kazi ya kutoa dawa ya usingizi huku Kusini mwa Tanzania, na mazungumzo haya nayarudia karibu kila wiki. Huyu anaogopa sindano ya mgongo kwa kuwa shangazi yake alichomwa na kiuno hakijapona hadi leo. Yule anaogopa nusu kaputi kwa kuwa jina lenyewe linamwambia nusu yake itakufa, na nani atamdhamini ile nusu nyingine? Wote wana hoja. Tatizo ni kwamba hoja imekaa mahali sipo: watu huuliza dawa ipi ni kali, wakati swali la maana ni dawa ipi inanyamazisha sehemu gani ya mwili, na wewe una sehemu gani isiyovumilia kunyamazishwa.

Tutapima kwa vigezo gani

Njia ninazolinganisha ni tatu. Nusu kaputi ni kulala kabisa, kwa gesi kama isoflureni, sevoflureni au halotheni, au kwa dawa ya mshipa kama propofoli na thiopentoni. Sindano ya mgongo ni bupivakeini inayowekwa kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu kiunoni. Unabaki macho, kuanzia kiunoni kushuka unakufa ganzi. Ketamini kitabuni huhesabiwa kama nusu kaputi nyingine, lakini tabia yake ni ya peke yake kiasi kwamba ukiichanganya na wenzake utapotea. Ganzi ya palepale, ile ya lignokeini anayochomwa mtu wa jipu au jino, nitaigusa tu mwishoni.

Vigezo vyangu ni vitano: dawa inafanyia kazi wapi, utaona na kukumbuka nini, pumzi na presha vitakuwaje, siku zinazofuata zitakuwaje, na hospitali inatakiwa iwe na nini. Bei sikuiweka. Inategemea bima na mahali ulipo, na kwa mabusha mara kwa mara huwa kuna kambi za kupasua bila malipo.

Dawa inafika wapi

Nianze na nusu kaputi, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea, hata wenzetu wa wodini. Ukitaja usingizi, mtu huwaza kichwa. Lakini gesi ikishaingia mapafuni inachukuliwa na damu, na damu haichagui nyumba ya kubisha hodi. Inafika kwenye ubongo, na inafika kwenye ugwe wa mgongo, ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayopita ndani ya pingili.

Ubongoni, isoflureni na propofoli huipa nguvu breki ya asili. Seli za ubongo zina vipokezi vya kemikali iitwayo GABA, ambavyo kazi yake ni kutuliza; dawa ikikaa hapo, utulivu unakuwa mkubwa na mrefu kuliko kawaida. Thalamasi, ambayo ni kama stendi kuu ya habari zinazopanda kutoka mwilini, inaacha kusemezana vizuri na gamba la ubongo, na sehemu za gamba lenyewe zinaacha kusemezana zenyewe kwa zenyewe. Ubongo hauzimiki kama taa ya umeme wetu. Mgonjwa aliyelala bado ubongo wake unatoa mawimbi, ila ni mawimbi makubwa ya polepole, na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Sasa kwenye ugwe. Miaka ya 1960 Edmond Eger na wenzake kule California waliweka kipimo tunachokitumia mpaka leo: kiwango cha gesi mapafuni ambacho, mtu akipasuliwa, nusu ya watu hawajitikisi. Kwa isoflureni ni kama asilimia 1.2, kwa sevoflureni kama asilimia 2. Kila mtu alidhani kinachopimwa ni usingizi wa ubongo. Mwaka 1993 watafiti Antognini na Schwartz wakachukua mbuzi, mnyama ambaye mishipa yake ya damu ya kichwani imepangika kwa namna inayoruhusu damu ya kichwa itenganishwe na ya mwili. Isoflureni ilipopita mwili mzima, asilimia 1.2 ilitosha mbuzi asijitupe akibanwa kwa nguvu. Ilipopelekwa kichwani tu, ugwe ukiachwa bila dawa, ikabidi ipande hadi asilimia 2.9. Mwaka huohuo Ira Rampil na wenzake walifanya kali zaidi: panya walioondolewa sehemu ya mbele ya ubongo walihitaji gesi ileile kama wenye ubongo kamili ili wasijitikise.

Maana yake ni hii. Mgonjwa wa gesi asipotikisika kisu kinapopita, sifa kubwa ni ya ugwe wa mgongo ulionyamazishwa. Asipojua kinachoendelea na asipokumbuka, hiyo ndiyo kazi ya ubongo. Na hizo kazi mbili hazilingani dozi: kumbukumbu huondoka mapema kabisa, fahamu hupotea kwa takriban theluthi ya kile kipimo cha Eger, na mwili kutulia huja mwisho. Kwa hiyo babu anayeniambia "nilaze, mgongo usiuguse" anaomba kitu ambacho gesi haikijui. Kwa gesi, mgongo unaguswa.

Sindano ya mgongo ni kinyume chake, na hapa kuna kichekesho cha pili: sindano hiyo kwa mtu mzima haifiki kwenye ugwe. Ugwe unaishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mimi nachoma chini yake, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Mgonjwa akiwa amekaa na kukunja mgongo kama kamba wa kukaanga, naweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vinakutana katikati, na hapo niko kwenye pingili ya nne au jirani yake. Ndani yake hakuna kamba ya kutobolewa. Kuna mizizi ya mishipa ya fahamu inayoelea majini kama nyuzi za katani zilizolowekwa kwenye ndoo, na sindano nyembamba ikizigusa, zinasogea. Dawa yenyewe ni mililita mbili au tatu, kijiko kidogo cha chai hakijai. Inaziba milango ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu, ujumbe unakwama njiani. Mishipa midogo ya fahamu inayokaza njia za damu huzimwa mwanzo, ndiyo maana miguu hupata joto kabla ya kufa ganzi. Maumivu na baridi hufuata. Kuguswa na nguvu za miguu huwa za mwisho. Wakati wa kupima napitisha pamba yenye spiriti. Mgonjwa akisema "nasikia unagusa lakini siyo baridi," tunaelewana na daktari wa kupasua.

Ubongo haukupewa chochote hapo. Hata hivyo wengi husinzia wenyewe, na anayepewa dawa ya kumtuliza huhitaji kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa nusu ya mwili imeacha kupeleka habari juu na ubongo umekosa wa kumwamsha.

Ketamini inashika kipokezi kingine kabisa, kiitwacho NMDA, kinachopitisha ujumbe wa kuchochea. Inakiziba ubongoni na inakiziba kwenye ugwe, mahali maumivu hujijengea nguvu yakirudiarudia. Ilitengenezwa na Calvin Stevens mwaka 1962 nchini Marekani, binadamu wa kwanza akaipata 1964. Edward Domino, aliyeifanyia majaribio, alishindwa kueleza hali ya wagonjwa wake: wako macho, hawako nasi. Mke wake ndiye aliyempa neno lililobaki kwenye vitabu, lenye maana ya mtu aliyetenganishwa na mwili wake.

Utaona nini, utakumbuka nini

Kwa nusu kaputi, hakuna. Unaambiwa vuta pumzi, halafu unaambiwa amka. Kuna hofu ya mtu kuzinduka katikati huku mwili umelegezwa na dawa ya misuli, na hofu hiyo si ya kuzua: dawa ya kulegeza misuli inafunga mlango kati ya mshipa wa fahamu na msuli, ubongo haiugusi kabisa, kwa hiyo gesi ikiwa pungufu mtu anaweza kujua na asiweze kuinua hata kidole. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa 2014 ulipata taarifa moja kwa kila nusu kaputi 19,000 hivi. Kwa wajawazito waliopasuliwa kwa nusu kaputi ilikuwa karibu moja kwa kila 670, kwa kuwa kule dozi huanza kidogo na kazi huenda mbio. Moja ya sababu za kumpa mama sindano ya mgongo ni hiyo.

Kwa sindano ya mgongo utasikia kila kitu kwa masikio. Vyuma vinagongana, daktari anaulizia mpira, redio ya nje. Utasikia pia mtu anakuvutavuta, kama mama anayekufunga mbeleko. Kuvutwa si kuumia, lakini kuna watu hawawezi kabisa kustahimili, na hakuna aibu kusema. Tunaweza kuongeza dawa ndogo ya kutuliza mshipani, au kuziba masikio kwa pamba. Mama wa kujifungua, kwa upande wake, anamsikia mtoto akilia, na wengi wanasema hilo peke yake lilitosha.

Ketamini inawatisha zaidi walioko pembeni kuliko mgonjwa. Nakumbuka mtoto aliyeungua na uji, aliletwa kubadilishiwa bandeji. Macho wazi, mboni zinachezacheza. Mama yake akanishika mkono: "Dada, mbona ananitazama?" Hakuwa anamtazama. Nilimpitishia kidole mbele ya macho, hakukifuata. Watoto huamka vizuri mara nyingi. Watu wazima huota zaidi: mmoja alirudi akidai alikuwa anatembea juu ya bahari, mwingine alipiga kelele hadi wodi ya pili. Dawa ya jamii ya diazepamu na chumba kisicho na makelele hupunguza sana hali hiyo, lakini mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili nisingependa kumpa.

Pumzi na presha

Nusu kaputi inapunguza pumzi na kushusha presha, na inalegeza koo kiasi kwamba chakula kikipanda kinaweza kuingia mapafuni. Hapo ndipo sharti la kufunga linatokea, na hapo ndipo Kusini tunapishana na wagonjwa. Saa nane baada ya mlo mzito, sita baada ya mlo mwepesi, nne kwa maziwa ya mama, mbili kwa maji. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Korosho tatu za kutafuna ukisubiri ni chakula. Niliwahi kuahirisha upasuaji saa nne asubuhi kwa sababu bibi alimpa mjukuu muhogo wa kuchemsha "apate nguvu ya kisu". Hasira zilikuwa kubwa. Nilizipokea.

Na msimu wa mabibo, mwenye kunywa uraka, ile pombe ya mabibo, au gongo kila siku aseme. Sikuulizi ili nikuhukumu. Mnywaji wa muda mrefu anahitaji dawa nyingi zaidi kulala, na akianza kukosa pombe wodini siku ya pili anaweza kutetemeka na kuweweseka.

Sindano ya mgongo inaacha pumzi zako zikiwa zako, ndiyo maana mwenye pumu, kifua kibovu au aliyekuwa akivuta sigara miaka mingi mara nyingi huifurahia. Shida yake ni presha. Mishipa ya damu ya miguuni ikilegea, damu inakaa chini, presha inashuka, mtu anapiga miayo na kusikia kichefuchefu. Dripu na efedrini huirudisha. Kwa mtu aliyekwisha kupoteza damu nyingi, mama aliyepasuka kizazi kwa mfano, kumlegezea mishipa tena ni kumsukuma aliyesimama ukingoni. Pia haichomwi kwa mtu ambaye damu yake haigandi, anayetumia dawa za kuyeyusha damu ambazo muda wake haujapita, au mwenye jipu palepale pa kuchoma. Na asiyetaka. Mgonjwa mwenye akili timamu akikataa, habari imeisha.

Ketamini inapandisha presha na mapigo, na kwa kawaida inaacha mtu apumue. Kwa aliyemwaga damu ni rafiki. Kwa mwenye presha ya 200 ni adui. Wengine hutafsiri vibaya hiyo sifa ya kupumua, wakampa mtu aliyekula. Mate huwa mengi, ikipigwa haraka mshipani pumzi inaweza kusimama kidogo. Kufunga ni kulekule.

Siku zinazofuata

Hapa nina ya kwangu. Nilijifungua kwa upasuaji, nikachomwa mgongo katika hospitali ambayo siitaji, kwa sindano nene kuliko ile ambayo leo ningekubali kuitumia kwa mwenzangu. Siku ya pili nikakaa kumnyonyesha mtoto, kichwa kikapasuka. Nikilala, kinaondoka. Nikikaa, kinarudi, kuanzia kisogoni hadi nyuma ya macho. Mama mkwe alisema nimekosea kuinuka mapema. Hapana: kulala chali hakuzuii kichwa hicho. Kinatokana na maji ya mgongo kuvuja kupitia kitundu cha sindano, na kitundu kinategemea ukubwa na umbo la ncha. Nilikunywa chai ya rangi kali mpaka nikaichukia. Siku ya sita kiliisha chenyewe. Ambaye hakimwishi anaweza kuwekewa damu yake mwenyewe kidogo palepale ilipopita sindano, ikaganda na kuziba.

August Bier, Mjerumani aliyeanzisha sindano hii mwaka 1898, alikipata kichwa hichohicho baada ya kujifanyia majaribio na msaidizi wake, kwa hiyo niko na watu wazito. Kwa sindano nyembamba za leo zenye ncha ya penseli kinampata kama mtu mmoja kwa mia au pungufu. Wanawake vijana ndio wa kwanza kwenye foleni. Mzee wa miaka sabini ni nadra.

Na kiuno cha shangazi? Pale sindano ilipopita patauma siku kadhaa, kama palipochomwa popote. Maumivu ya miaka ni jambo jingine. Mimba yenyewe inalegeza kiuno, na baada yake kuna ndoo za maji na jembe la muhogo. Sindano ndiyo tukio pekee ambalo kila mtu analikumbuka, basi inabeba lawama zote.

Nusu kaputi inaacha koo linalowasha kwa mpira wa hewa uliopita humo, kichefuchefu, kutetemeka. Wazee wengine huchanganyikiwa siku mbili tatu, na kwa miaka mingi tuliambiana kuwa mgongo unawaepusha na hilo. Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa Marekani na Kanada wa watu 1,600 waliovunjika nyonga, nusu wakachomwa mgongo, nusu wakalazwa. Baada ya siku 60, waliokufa au kushindwa kutembea walikuwa asilimia 18.5 upande wa mgongo na 18.0 upande wa kulala. Kuchanganyikiwa nako hakukutofautiana kwa maana yoyote. Binafsi nilisikitika kidogo. Nilikuwa nimeshawaahidi wazee wengi.

Wazazi huniuliza kama usingizi utamharibu mtoto akili. Utafiti wa watoto wachanga waliopasuliwa ngiri, wengine kwa sevoflureni ya chini ya saa moja, wengine kwa ganzi wakiwa macho, uliwapima tena wakiwa na miaka mitano na matokeo yalitolewa 2019: akili zilikuwa sawa.

Ketamini huisha haraka, mlo unarudi siku hiyohiyo, maumivu hubaki yamepoa kwa muda. Ndoto ndiyo bei yake.

Hospitali iwe na nini

Nusu kaputi ya gesi inataka mashine, oksijeni isiyokatika, na mtu anayejua kuweka mpira wa hewa kooni. Sindano ya mgongo inaonekana rahisi, sindano moja na chupa moja, na urahisi huo ndio mtego: dawa ikipanda juu sana mgonjwa anaacha kupumua, na anayeichoma asiye na oksijeni na mpira mkononi anacheza kamari na roho ya mtu. Ketamini haihitaji mashine wala umeme. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1985, na vituo vya mbali visingekuwa na upasuaji wa dharura bila hiyo. Kwa zote tatu, kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupimia oksijeni kiwepo. Ukiingia usikione, uliza.

Kwa hali yako

Busha au ngiri ya kinena, mtu mzima, mwenye kifua kibovu: sindano ya mgongo ina nafasi nzuri. Busha dogo linaweza kufanyika hata kwa ganzi ya palepale, daktari akiwa mzoefu na wewe ukiwa mvumilivu.

Mama wa upasuaji uliopangwa, damu iko sawa: mgongo, kwa sababu ya mtoto kutopata dawa ya usingizi na ya ile hatari ya kuzinduka katikati niliyoitaja. Mama anayemwaga damu au aliyepoteza fahamu kwa kifafa cha mimba: nusu kaputi, na ketamini inaweza kuwa dawa ya kuanzia kwa yule wa damu. Huyo wa kifafa, ambaye presha yake imepanda, apewe nyingine.

Aliyedondoka mnazini akavunjika mguu: kama hajapoteza damu na hana jeraha jingine, mgongo unafaa na utamwacha bila maumivu saa za mwanzo. Kama tumbo nalo limeumia, alale.

Upasuaji wa kifua, kichwa, shingo au tumbo la juu: sindano ya mgongo haifiki huko salama. Hapa uchaguzi umeshafanywa na mahali pa kisu.

Mtoto wa kushonwa, kubadilishwa bandeji ya moto, kurudishwa mfupa: ketamini mara nyingi, au gesi palipo na mashine. Kwa mwenye selimundu, mtoto au mkubwa, aina ya dawa ina uzito mdogo kuliko mambo matatu: asipate baridi, asikaukiwe maji, oksijeni isishuke. Mseme mapema ili dripu ianze kabla.

Presha isiyotulia au moyo mbovu: njoo siku chache kabla, siyo asubuhi ya kisu. Dawa zako zote ziwe kwenye mfuko, na za mitishamba pia.

Na aliyesikiliza yote haya na bado anaogopa mgongo, kama yule mzee wa Mikindani: presha yake ilikuwa imetulia, kifua safi, hakuwa na sababu ya kukatazwa kulala. Nilimlaza. Akasaini kwa herufi kubwa, mpwa akapumua.

Alipozinduka jambo la kwanza alipitisha mkono mgongoni, akapapasa juu hadi chini kutafuta plasta.

"Kweli hamkuugusa."

"Sindano haikuugusa, babu."